Malalamiko ya Marehemu Kuhusu Kiti Chake

Buffalo, Amerika
Jumatano, 11 Oktoba 2023. Mwaka wa sitini na mbili na mwezi wa saba tangu niondoke

Kwa Katibu,
Kamati ya Tamasha la Usiku wa Kutisha,
Carrowfinna, Roscommon, Ayalandi.

Bibi Katibu Mheshimiwa,

Najua vema kwamba Katibu ni Attracta Beirne, binti wa marehemu dada yangu Dympna, na kwamba kwa desturi ningeanza kwa kuuliza hali ya magoti yake. Lakini leo simwandikii mpwa wangu. Namwandikia Katibu, na namwomba Katibu asimwoneshe mpwa wangu barua hii mpaka kikao kiishe.

Nijitambulishe, maana kumbukumbu zenu juu yangu zina utata. Mimi ni Malachy Geraghty, wa nyumba iliyo mwisho wa njia ya kisimani. Niliondoka Machi 1961 nikiwa na miaka kumi na tisa. Kwa miaka thelathini na minne nilishona na kujalidi vitabu vilivyochakaa katika maktaba ya mji huu, na kabla ya kukirudishia kitabu mgongo wake nilikuwa na mazoea ya kukisoma. Ndiyo sababu ya urefu wa barua zangu. Nina umri wa miaka themanini na mmoja, nakunywa chai bila sukari, na hadi asubuhi ya leo napumua.

Hilo la mwisho ndilo lenye ubishi.

Mwishoni mwa Septemba alinipigia simu Jarlath Tansey, jirani yenu, ambaye nilisoma naye na kuiba naye matofaa. Tulizungumza mambo yetu ya kila Jumapili: mvua, nyonga yake, nani amefariki. Alipomaliza orodha nikamwuliza kama hakuna mwingine. Akasema, "Basi na wewe, lakini wewe ni habari ya zamani."

Nikamwomba afafanue. Akafafanua kwa upole wa mtu anayemweleza mgonjwa ugonjwa wake. Kila Novemba, kama mjuavyo, kila nyumba huandika majina ya wafu wake na kuyaweka katika bahasha altareni ili waombewe mwezi mzima. Karatasi ya nyumba yetu, kwa miaka mitatu mfululizo, imekuwa na jina langu, katikati ya kaka yangu Fintan na dada yangu Dympna, na Padri hulisoma kwa sauti mbele ya parokia nzima.

"Na analitamka sawasawa," alisema Jarlath, "kitu ambacho mwalimu wetu hakukiweza kwa miaka minane. Nilidhani umeambiwa."

Nikamwuliza kama alisikitika. Akasema alisikitika sana mwaka wa kwanza, lakini Jumapili iliyofuata nikapokea simu, akaona haya kulitaja.

Nimefanya upelelezi, na chanzo cha kosa nakijua. Dympna aliacha ndani ya kitabu chake cha sala kipande cha karatasi chenye majina manne: Baba, Mama, Fintan, Malachy. Katibu, akiwa bado na majonzi ya mama yake, alidhani ni orodha ya wafu, akaongeza jina la Dympna chini, akaipeleka altareni. Simlaumu. Lakini haikuwa orodha ya wafu. Ilikuwa orodha ya viti. Usiku wa mwisho wa Oktoba, katika nyumba yetu, viti vilipangwa mbele ya moto kwa wale wa nyumbani ambao hawangeweza kufika kwa barabara, na Dympna hakupenda kumsahau mtu.

Bibi Katibu, sikuandika ili niondolewe kwenye orodha hiyo. Hapana. Nimeitafakari hali yangu wiki mbili nzima na nimeikubali. Ninachokuja kudai ni haki za marehemu, ambazo Kamati yako imezikanyaga zote, moja baada ya nyingine, kama ifuatavyo.

1. Kuhusu asili ya sikukuu. Katika kijikaratasi cha tamasha mlichonitumia imeandikwa kwamba Halowini, huo usiku wa tarehe 31, "ni sherehe ya Kimarekani iliyoingia kwetu kupitia filamu." Nilikisoma nikiwa nimesimama, ikabidi nikae. Sikukuu hii iliitwa Samhain kabla Amerika haijajulikana na yeyote isipokuwa wenyewe. Ilikuwa mlango kati ya nusu mbili za mwaka: ng'ombe wakishuka kutoka malisho ya kiangazi, mavuno yakiwa ndani, giza likianza kutawala. Mapadri wa zamani walipoona hawawezi kuifuta waliipa ubatizo, wakaweka Sikukuu ya Watakatifu Wote siku inayofuata, na ya Wafu siku ya pili yake. Wasomi wanabishana kama waliiweka hapo kwa ajili yetu au kwa sababu zao huko Roma. Nami, kwa uaminifu, sijui. Ninachojua ni kwamba lile pango ambalo hadithi za kale zinasema viumbe vya usiku ule vilitokea humo haliko California. Liko mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka jikoni kwa Katibu. Humo walitoka nguruwe ambao hakuna aliyeweza kuwahesabu. Kila ukiwahesabu unapata idadi nyingine, kama wajumbe wa kamati wakati wa kuosha vyombo.

2. Kuhusu boga. Sina ugomvi na boga kama chakula. Lakini taa ya usiku ule ni tanipu, ule mzizi wa mviringo unaopikwa kama kiazi. Tanipu ni gumu kama moyo wa mwenye nyumba ya kupanga. Kulichimba kwa kijiko kunahitaji jioni tatu na kidonda kimoja, na likishachongwa lina uso wa babu aliyekufa akidai kitu. Na hilo ndilo kusudi. Waliokimbia njaa kuu ya Ayalandi walifika huku Amerika wakakuta boga: kubwa, laini, limejaa nafasi ndani kama nchi yenyewe. Wakalichonga kwa dakika ishirini na likawacheka. Siwalaumu, walikuwa wamechoka. Lakini kulirudisha boga Ayalandi, tena la plastiki, ni sawa na mtu aliyekwenda ng'ambo akiwa na kanzu ya sufu akarudi amevaa mfuko. Mwacha mila ni mtumwa, na nyinyi mmeagiza utumwa wenu kwa katoni. Picha mlizonitumia pamoja na kijikaratasi zinaonesha maboga ya plastiki kumi na tisa. Niliyahesabu mara mbili, na tofauti na wale nguruwe, yalibaki kumi na tisa.

3. Kuhusu mlango. Nyumba nilimozaliwa, mliyoigeuza ya kutishia wageni, sasa inaitwa "Jumba la Vilio." Sitasema kitu kuhusu jina, kulia kulikuwapo. Lakini nimearifiwa kwamba mnaingiza watu kwa makundi ya wanane, kwa zamu, na kwamba kundi la mwisho likitoka mlango unafungwa kwa kufuli. Kwa kufuli, Bibi Katibu, usiku ule ule ambao mlango huo haukuwahi kufungwa hata kwa komeo tangu ulipowekwa bawaba. Wafu wapite wapi? Bibi yangu, mzaa baba, alikuwa akilala usiku ule na viatu karibu ili asije akachelewa kuwapokea.

4. Kuhusu maji. Jambo hili mtaliona dogo. Usiku ule mtu hamwagi maji nje bila kwanza kusema kwa sauti, "Jihadharini, maji," ili waliosimama uani wasirowe. Jarlath ananiambia kwamba mwaka jana Bwana Cormac Hanly, Mwenyekiti wenu, alifungulia mpira wa maji uani saa tatu ya usiku kuosha damu ya bandia kwenye mawe, kwa robo saa, bila kumwonya yeyote. Nikamwuliza Jarlath kama angalau alikohoa. Akasema, "Cormac akikohoa wewe huko ungesikia." Mama yangu hakuwa na koti la mvua, alizikwa na gauni la bluu. Naomba hilo liingie katika kumbukumbu za kikao.

5. Kuhusu kiti. Hapa nimevunja kalamu moja.

Katika picha ya saba linaonekana jiko letu. Meko ipo. Viti vinne vipo mbele yake, na ninavijua vyote: cha Baba chenye mikono, cha Mama kilichokatwa miguu kidogo kwa sababu alikuwa mfupi, cha Fintan, na changu, kile ambacho mguu wake wa nyuma umefungwa waya. Vitatu viko vitupu, kama inavyostahili. Na juu ya changu, changu peke yake, mmekalisha boga la plastiki. Chafu, limefifia rangi, lina meno matatu, na linacheka.

Nyuma ya picha mpwa wangu ameandika kwa mkono wake: "Mjomba, jiko hatujaligusa, tumeliacha kama Mama alivyoliacha." Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko ninavyosoma sala. Kama Mama alivyoliacha! Dympna, ambaye mwaka mmoja alinitumia barua ya kurasa nne kunilaumu kwa kutia sukari kwenye viazi! Namheshimu Katibu, lakini nashangaa wino ulioandika hivyo haukukauka kalamuni. Katika nyumba yote ile, yenye vyumba vitatu na mifupa ya bandia sita, hamkupata mahali pengine pa kuweka kikaragosi chenu ila mahali pa mtu mmoja asiyekuwapo kujitetea?

Basi sasa niseme sheria inavyosimama, kwa kuwa nimeipima kwa makini.

Ama mimi ni marehemu, ama si marehemu. Kama ni marehemu, kama Padri alivyotangaza mara tatu na parokia ikaitikia, basi usiku wa tarehe 31 nina haki ya kufika. Sihitaji pasi wala ndege; magoti yangu, ambayo kwa sasa hayafiki hata ghorofa ya pili, hayatahusika. Nina haki ya mlango usiofungwa, ya moto uliofunikwa majivu usizimike, ya kiti changu, na ya bakuli la viazi vilivyopondwa na kabichi, na shimo la siagi katikati. Siagi ya kweli. Zaidi ya hayo, kwa kuwa usiku ule nyumba ni ya wafu na walio hai ndio wageni, itabidi Kamati nzima, pamoja na Bwana Hanly na mpira wake, isimame nje mvuani mpaka tutakapowaita. Hatutawaita mapema. Tuna mengi ya kuzungumza, na Fintan tuliachana vibaya.

Kama si marehemu, basi Kamati isimame altareni iseme hivyo mbele ya watu, na hapo hapo ijibu swali la pili: kama kwa miaka sitini na miwili mtu huyu alikuwa hai, kwa nini hamkumwita nyumbani? Mfu huitwa kila mwaka kwa jina. Kuku huitwa. Paka wa Jarlath huitwa kila jioni, nasikia hata kwenye simu. Aliye hai, ng'ambo, ndiye pekee asiyeitwa. Nchi ambayo mtu anapaswa kufa ili aandaliwe kiti haina haja ya kukodisha mashine ya moshi ili itishe.

Kwa hiyo nadai yafuatayo. Kijikaratasi kisahihishwe. Kila mjumbe wa Kamati achonge tanipu moja kwa kijiko, na aoneshe kidonda. Kufuli liondolewe. Maji yaonywe. Na boga lile liondoke kwenye kiti changu kabla ya tarehe 31, lichomwe, na majivu yake yasitupwe upande wa kisima.

Mkate wa zabibu kavu, ule unaofichwa ndani vitu vya kutabiri bahati, ukikatwa mwaka huu, mimi sitaki kipande. Miaka mitatu mfululizo, hamsini na nane, hamsini na tisa na sitini, wenzangu walipata pete mkatani na mimi nikapata kitambaa, ambacho ni ufukara. Mwaka wa tatu Mama alikitoa mkononi mwangu akakitupa motoni, akasema, "Huu mkate unakuonea." Machi iliyofuata nikapanda meli. Nasema hili kwa ajili ya kumbukumbu tu, wala si dai.

Nisalimieni Padri, na mwambieni asante kwa matamshi. Nisalimieni Jarlath na nyonga yake, na paka. Nisalimieni mama mwenye duka la pembe ya barabara kama bado yupo, na kama hayupo nitamsalimia mwenyewe. Nisalimieni hata Bwana Hanly. Na Katibu, kikao kikiisha, amsalimie mpwa wangu Attracta, amwulize magoti yanaendeleaje.

Wenu katika tumaini la ufufuo, nami nikiwa tayari nusu ya safari,

Malachy Geraghty (Marehemu)

N.B. Alhamisi, tarehe 12.

Bahasha nilikwisha kuibandika. Nimeifungua kwa mvuke wa birika, kazi ambayo mjalidi haisahau.

Jana baada ya chakula niliichukua tena picha ya saba, na kioo cha kukuzia, ili nimweleze Jarlath idadi kamili ya meno ya lile boga. Mpini wake, ule wa kulibebea, umekatika upande mmoja na umeshonwa. Umeshonwa kwa uzi wa kitani uliopakwa nta, mishono saba, na fundo la mwisho limefichwa kwa ndani. Hakuna mtu Carrowfinna anayefunga fundo hilo. Ni fundo la mjalidi. Ni langu.

Nikashusha bati la barua za Dympna kutoka juu ya kabati, na ikanichukua mpaka saa ya chai kuipata ile ya Novemba 1966. Mwaka ule niliona boga dogo la plastiki katika dirisha la duka la dawa, nikauziwa kwa bei ya kutupa kwa sababu mpini ulikuwa umekatika, nikalishona kazini wakati wa mapumziko, nikalitia kwenye kifurushi pamoja na soksi za Fintan. Nilikuwa nimelisahau kabisa. Naam, Bibi Katibu: boga la kwanza la plastiki kuingia Carrowfinna lililetwa na mlalamikaji. Ukipenda boga, penda na ua lake. Yale kumi na manane mengine nadhani ni watoto wake.

Dympna aliandika: "Boga lako limefika, ni baya ajabu. Fintan anasema tulitupe, halafu akalifuta vumbi mwenyewe. Nimeliweka kwenye kiti chako. Wafu huja wenyewe, Malachy, lakini aliye hai lazima ashikiwe nafasi."

Nilipoisoma mwaka ule nilicheka, nikadhani ni mzaha wa usiku mmoja, si wa miaka hamsini na saba.

Pia imenibidi niseme ukweli kuhusu lile swali la pili. Ndani ya bati hilo hilo zimo barua za kuniita. Za Dympna sikuzihesabu. Za Attracta, tangu mama yake afe, ni nne, na ya mwisho inasema chumba cha chini nyumbani kwake kiko tayari, hakina ngazi. Mama alipofariki nilikuwa na udhuru. Fintan alipofariki nilikuwa na udhuru mwingine. Udhuru huzaana kama sungura, na mimi niliwafuga vizuri.

Kwa hiyo malalamiko namba tano nayafuta, na yale ya kwanza manne fanyeni mtakavyo, isipokuwa la maji. Jina langu liondoeni kwenye bahasha ya Novemba. Dympna hakuliandika kwa ajili ya huko. Boga msilichome. Liacheni lilipo, na uzi ukilegea mpwa wangu asiufunge kwa gundi, anitumie mpini, nitaushona upya.

Attracta, mwanangu, asante kwa chumba cha chini. Mpe mgeni mwingine. Mimi sitarudi, na safari hii sitoi udhuru.

M.G.